Umeme Lazima Urudi Ulikotoka: Hotuba kwa Mafundi wa Mota na Paneli

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mafundi umeme wa viwanda, karakana na vinu vya nafaka. Imeandikwa yote kama ilivyosemwa, kwa ajili ya wenzetu waliokosa kufika. Picha za ukutani zimeachwa.

Ndugu zangu mafundi, dada zetu mlio kwenye fani hii, vijana mnaojifunza kazi, na ninyi wenye viwanda mliokubali mashine zilale asubuhi moja ili watu wenu waje: karibuni, na asanteni.

Naanza na swali, na naomba mnyooshe mikono. Fundi amefunga mota ya kilowati 15 kwenye kinu cha kukoboa mpunga. Nje ya ukuta amepigilia rodi ya ethi, ile fimbo ya udongoni, ya mita 2.4, unene milimita 16, chuma kilichovikwa shaba. Amemwagia chumvi na mkaa. Kutoka kwenye bodi ya mota, yaani ganda lake la chuma, ametoa waya wa kijani na njano mpaka kwenye rodi. Klampu imebana, waya umenyooka. Je, mota hiyo ina ethi, ile kinga ya umeme unapovuja?

Naona mikono ni mingi. Haya, tupige hesabu pamoja.

Kwenye udongo wenye ukinzani wa omu-mita 100, rodi moja ya namna hiyo inakupa kama omu 40. Tuseme ethi ya kule kwenye transfoma ni omu 5. Siku moja waya ndani ya mota unachubuka, fezi, yaani waya wenye umeme, inagusa bodi. Mkondo unapita kwenye bodi, unashuka kwenye rodi, unatembea udongoni hadi kwenye transfoma. Njia nzima ni omu 45. Volti 230 gawanya kwa 45, unapata ampea 5 na kidogo. Breka ya kwenye paneli, ile swichi inayojikata yenyewe, ni ya ampea 32. Ampea 5 kwake ni nini? Ni pasi moja ya nguo. Breka haikati. Haikati leo, haikati kesho, haikati wiki ijayo. Na muda wote huo bodi ya mota imebeba volti 204 hivi.

Sasa anakuja kijana wa kukusanya pumba, yuko pekupeku, sakafu ina maji. Anaegemea mota. Tuuhesabu mwili wake kuwa omu 1,000. Mkondo unaompita unakaribia miliampea 200. Miliampea kumi na kitu tu zinatosha kuukaza mkono usiweze kuachia. Hamsini zikipita kifuani kwa sekunde moja, moyo unaweza kuanza kutetemeka badala ya kupiga. Huyu amepata karibu mia mbili.

Nauliza tena. Mota ile ina ethi? Ina rodi. Ethi haina.

Hili ndilo neno nililokuja nalo leo, na mengine yote yanatoka humo. Umeme hautafuti ardhi. Umeme unatafuta kurudi ulikotoka, yaani kwenye nyota ya transfoma, pale koili tatu zinapokutana. Kazi ya waya wa ethi ni kuupa mkondo wa hitilafu njia fupi na pana ya kurudi pale, ili mkondo uwe mkubwa kiasi cha kuiangusha breka kabla mtu hajadhurika. Mkondo wa hitilafu ukiwa mdogo ndio unaoua, kwa sababu hakuna kifaa kinachouona.

Turudi kwenye kinu kilekile. Safari hii waya wa ethi umetoka kwenye bodi ya mota, umeongozana na nyaya za fezi hadi kwenye basbaa ya ethi ya paneli, yaani upau unaokusanya nyaya za ethi, na kutoka hapo waya mwingine unakwenda hadi kwenye nyota ya transfoma. Mzunguko wote, kwenda na kurudi, umepimwa ni nusu omu. Fezi ikigusa bodi, 230 gawanya kwa nusu ni ampea 460. Breka ya ampea 32 ya mkunjo C, herufi inayoonyesha inavyokata, hukata papo hapo mkondo ukifika mara kumi, yaani 320. Imekata. Yule kijana hata hajui kilichotokea, anachoshangaa ni kwamba kinu kimezima. Omu 45, ampea 5. Nusu omu, ampea 460. Tofauti ya kinu kile na hiki ni waya mmoja.

Hapa pana mtego ambao mafundi wazuri kabisa huingia. Mota inapowashwa inavuta mara sita hadi nane ya mkondo wake wa kawaida, kwa hiyo breka ya C wakati mwingine inakata wakati wa kuwasha. Fundi anaitoa, anaweka ya D. Mota inawaka vizuri, mwenye kinu anafurahi. Lakini breka ya D ili ikate papo hapo inaweza kutaka mara ishirini: ampea 640. Mzunguko wako wa nusu omu unatoa 460. Haufiki! Breka itangoja ipate joto ndipo ikate, na huko ni kuhesabu sekunde wakati kanuni za kimataifa za ufungaji umeme, IEC 60364, zinataka sekunde 0.4 kwa mzunguko wa namna hii. Ukibadilisha C kuwa D, umebadilisha pia masharti ya ethi. Mzunguko sasa unapaswa kuwa chini ya omu 0.36. Je, umeupima? Kama hukuupima, ile breka mpya umeiweka kwa ajili ya mota tu, na mtu umemsahau.

Nasikia swali kutoka nyuma: na sisi tulio kwenye laini ya mtaani, ambayo haituletei waya wa ethi kutoka kwenye transfoma, tufanyeje? Swali zuri, na ni la wengi wetu. Hapo rodi yako ndiyo njia pekee, na breka ya kawaida, kama tulivyoona, haitakata. Kwa hiyo lazima kuwe na RCD, kile kifaa kinacholinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, na kukata ikitofautiana. Hesabu yake ni nyepesi: ukinzani wa rodi zidisha kwa kiwango cha RCD usizidi volti 50. Kwa RCD ya miliampea 300, unaruhusiwa hadi omu 166. Ile rodi yako ya omu 40 sasa inatosha kabisa. Soketi za vifaa vya mkononi, kama grainda na drili, zipe ya miliampea 30. Na kile kitufe cha kujaribia kilichoko usoni mwa RCD kibonyezwe mara kwa mara. Ukikibonyeza na isikate, kifaa kimekufa, kibadilishe siku hiyohiyo.

Rodi yenyewe ipime kiangazi. Rodi iliyopimwa wakati wa masika udongo umelowa inakupa namba ya kukufurahisha, na Septemba, udongo umepasuka, namba hiyo haipo tena. Ukiongeza rodi ya pili, usiipigilie karibu na ya kwanza. Ziachane angalau urefu wa rodi moja, na mara mbili ya urefu huo ni bora zaidi. Zikikaribiana zinagombania udongo uleule. Chumvi huisha na mvua na hula chuma, usiitegemee.

Kisa cha pili kinahusu nyutro, ule waya wa kurudisha mkondo wa kila siku, na naomba tukae nacho kidogo kwa sababu kimeua watu wengi kimyakimya. Fundi anafunga paneli, anakuta ethi haipo au ni dhaifu. Anachukua kipande cha waya, anaunganisha basbaa ya nyutro na basbaa ya ethi humohumo ndani ya paneli. Akipima, namba zinapendeza: mzunguko umeshuka, breka inakata. Anaona amepata ufumbuzi. Amefanya nini hasa? Kwanza, mkondo wa nyutro wa kila siku sasa unatembea pia kwenye bodi za mashine, kwenye mabomba, kwenye vyuma vya jengo. Pili, na hili ndilo baya, siku nyutro ya laini ikikatika kule nguzoni, bodi zote za mashine zote kwenye jengo lile zinapanda volti. Mashine moja haina kosa lolote na bado inapiga. Unafungua mota, unaipima na mega, kile kipimo cha uzima wa maganda ya nyaya, nzima. Unafunga, inapiga. Nyutro na ethi hukutana mahali pamoja tu, kule umeme unakoanzia kwenye jengo au kwenye transfoma yenu, kwa mpango wa ufungaji unaojulikana. Baada ya hapo zinaachana na hazikutani tena mahali popote. Mahali popote!

Mkishakubaliana na hayo, kuna mambo ya mikono. Waya wa ethi una kipimo. Kama fezi zako ni hadi milimita za mraba 16, ethi iwe sawa na fezi. Fezi za 25 au 35, ethi ya 16 inatosha. Zaidi ya hapo, nusu: fezi za 70, ethi ya 35. Upitishe pamoja na fezi zake, ndani ya bomba au kebo ileile, usiuzungushe njia yake. Kila mashine iwe na waya wake hadi kwenye basbaa. Usiruke kutoka mota hadi mota, maana ukifungua ya kwanza kuitengeneza umezikata ethi zote zilizo mbele yake. Skrubu moja, waya mmoja. Ndani ya paneli na kwenye boksi la mota, uache waya wa ethi mrefu kuliko za fezi, ili kebo ikivutwa na ngazi au toroli, fezi zing'oke kwanza na ethi iwe ya mwisho. Kebo yenye deraya ya nyaya za chuma, deraya ibanwe na glandi yake, kile kibano cha kebo, pande zote mbili, na kila glandi iwe na pete yake ya ethi.

Na rangi! Paneli inakuja kutoka kiwandani imepakwa rangi nzuri. Rangi haipitishi umeme. Unakaza boliti ya ethi juu ya rangi, unaamini umemaliza. Kwangua hadi chuma king'ae, weka washa yenye meno, kaza, halafu paka grisi au rangi juu yake, hasa ninyi wa Tanga, Mombasa na Unguja, mahali hewa ya chumvi haikawii kula chuma. Mlango wa paneli uliobeba vitufe na taa upewe mkanda wake wa shaba iliyosukwa. Bawaba si ethi.

Sasa natoka kwenye ethi naingia kwenye saketi ya kuwashia. Kisa chake mnakijua.

Kinu cha kusaga mahindi. Mota inawashwa kwa swichi ya kugeuza, sifuri na moja. Umeme unakatika katikati ya kusaga. Mahindi yameganda kwenye kinu. Msagaji anasubiri dakika ishirini, anaona umeme hauji, anafungua kifuniko aingize mkono kuyatoa. Swichi iko wapi? Iko kwenye moja, hakuna aliyeirudisha. Umeme unarudi.

Nani alimkata yule mkono? Tutasema ni shirika la umeme? Tutasema ni uzembe wake? Mimi nasema saketi ilifungwa vibaya. Mashine yoyote inayoweza kumdhuru mtu haitakiwi kuwaka yenyewe umeme unaporudi. Na dawa yake ni bei ya vitufe viwili. Kitufe cha kuzimia, kile kinachokaa kimefunga, temino namba 21 na 22. Kitufe cha kuwashia, kinachokaa wazi, 13 na 14. Na sambamba na kitufe cha kuwashia, kontakti ya msaada ya kontakta yenyewe, ile swichi inayovutwa na koili, nayo 13 na 14. Ukibonyeza, koili inavuta, kontakti ile inajifunga na kuishikilia koili. Umeme ukikatika, koili inaachia, kontakti inafunguka. Umeme ukirudi, mota inabaki imelala mpaka mtu aje abonyeze kwa hiari yake. Kontakti ya ovalodi, kifaa kinachozima mota ikizidiwa, 95 na 96, iwe humohumo kwenye mstari.

Kitufe cha dharura kiwe chekundu, kichwa cha uyoga, juu ya bamba la njano, na kikibonyezwa kijifunge. Kiwe cha aina inayokaa imefunga, ili waya wake ukikatika mashine izime. Ukitumia cha kukaa wazi, waya ukikatwa na panya hutajua, mpaka siku mtu anakibonyeza na mashine inaendelea. Kukizungusha kukirudisha kusiwashe mota. Kirudishe kwanza, halafu kitufe cha kuwashia kibonyezwe.

Kuna jambo jingine hapa ambalo linawasumbua hata wakongwe. Mota inayogoma kuzima. Pampu iko mtoni, kitufe kiko nyumba ya pampu, kebo ya kitufe imefukiwa mita themanini. Unabonyeza kuzima, inaendelea kusukuma. Unafungua kitufe, kizima. Unabadilisha kontakta, bado. Kosa liko wapi? Fundi aliunganisha fezi moja kwa moja kwenye A1, ncha moja ya koili, akaweka vitufe upande wa A2, ncha ya pili, kati ya koili na nyutro. Kebo imechubuka chini ya ardhi, waya wa A2 umegusa ethi. Mkondo wa koili umepata njia ya kurudi bila kupita kwenye kitufe. Mnaona neno lilelile? Umeme umerudi ulikotoka, lakini kwa mlango wa nyuma. Vitufe vyote viwekwe upande wa moto, yaani wa fezi, baada ya fyuzi, na A2 iende moja kwa moja kwenye upande uliounganishwa na ethi. Ukifanya hivyo, kebo ikichubuka fyuzi inakatika na pampu inazima. Ni bora zaidi kutumia transfoma ndogo ya saketi ya kuwashia, ya volti 24 au 110, upande mmoja umeunganishwa na ethi. Na upande huo uunganishwe kweli, usiachwe unaelea.

Tuje kwenye kibati cha mota. Watu wanakipita kama tangazo la ukutani. Someni hapo palipoandikwa volti. Kama kimeandikwa 230/400, maana yake koili zikiungwa delta, yaani pembetatu, ni kwa 230, na zikiungwa sta, yaani nyota, ni kwa 400. Mota hiyo kwenye laini yetu ya volti 400 inafungwa sta, basi. Ukiiweka kwenye stata ya sta-delta, inayoanza kwa sta kisha kuhamia delta, itawaka vizuri kwa sekunde saba, halafu ikiingia delta kila koili inapata volti 400 badala ya 230, na moshi utauona mwenyewe. Ya sta-delta ni ile iliyoandikwa 400/690. Sta inapunguza mkondo wa kuwasha hadi theluthi moja, na nguvu ya kuzungusha nayo inakuwa theluthi, kwa hiyo kinu kilichojaa mahindi hakitaanza kwa sta. Kiwashwe kitupu. Kontakta ya sta na ya delta zifungiane kwa umeme na kwa ulimi wa kimakanika pia, maana zikivuta pamoja ni shoti ya fezi tatu uso kwa uso.

Hapo hapo kwenye sta-delta ndipo ovalodi inapokosewa. Mota ya kilowati 15 inavuta kama ampea 29. Fundi anasoma 29, anaweka 29. Lakini ovalodi yake iko chini ya kontakta kuu, kwenye mstari wa koili, na hapo mkondo ni asilimia 58 tu ya ule wa laini. Ilipaswa kuwekwa 16.8. Akiweka 29, mota inaweza kuvuta ampea 50 mchana kutwa na ovalodi iko kimya. Mota ikiungua wanasema mota za siku hizi hazifai.

Na kuna wale wanaopandisha ovalodi kwa sababu inakata. Inakata 17, wanapeleka 20. Inakata, wanapeleka 25. Haikati tena, mota inaungua Jumamosi. Ndugu zangu, ovalodi ikikata, chukueni klampu mita, kile kipimo kinachobana waya, pimeni fezi zote tatu, moja baada ya nyingine. Mara nyingi mtakuta mbili ziko juu na moja iko sifuri. Fezi moja imekufa, pengine uso mmoja wa kontakta umeungua, na zile mbili zinabeba mzigo wa tatu, mara 1.73. Ovalodi ilikuwa inasema kweli.

Kontakta nayo ina namba mbili na muuzaji atakuonyesha ile kubwa. Utaona imeandikwa 50 kwa AC-1 na 32 kwa AC-3. AC-1 ni ya hita. Mota ni AC-3. Nunueni kwa AC-3.

Naomba kitu hiki kipite mkononi mwa kila mmoja. Ni temino ya kontakta iliyofunguliwa kwenye paneli. Tazameni upande wa kulia: plastiki imekuwa kahawia, imevimba, na waya umekuwa mweusi hadi sentimita nne ndani ya ganda. Upande wa kushoto ni mpya kabisa. Kontakta moja, siku moja, mota moja. Tofauti ni skrubu. Kiungo kilicholegea kikiwa na ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu tu, kwa ampea 29 kinatoa wati 84 za joto. Balbu ya wati 84 imefungiwa ndani ya kipande kidogo kuliko kidole gumba! Waya wa nyuzinyuzi uvalishwe ferule au lagi, kile kifuniko cha chuma cha ncha ya waya, ibanwe na koleo lake, isipigwe nyundo. Msiziyeyushie risasi ncha za waya mkidhani mnaziimarisha, risasi hulainika chini ya skrubu na kiungo kinalegea chenyewe. Kazeni kwa bisibisi yenye kipimo, kwa namba iliyoandikwa ubavuni mwa kifaa. Alumini na shaba zisikutane bila lagi ya metali mbili.

Draivu, vile vifaa vya kielektroniki vya kubadili mwendo wa mota, nitazipitia haraka, ingawa najua wengi mmezifuata hizo. Draivu inavujisha mkondo kwenye ethi hata ikiwa nzima, kupitia kapasita za kichujio chake, na uvujaji unazidi miliampea 3.5. Ndiyo maana inataka ethi ya shaba isiyopungua milimita za mraba 10, au nyaya mbili za ethi, ili moja ikikatika bodi isibebe umeme. RCD ya kawaida inaweza kupofushwa na mkondo wa moja kwa moja unaotoka kwenye draivu ya fezi tatu. Hapo inatakiwa ya aina B. Kebo ya kutoka draivu hadi mota iwe na ngao, na ngao ibanwe duara zima pande zote mbili, isisokotwe mkia. Kebo za sensa zikae mbali nayo, sentimita 20 au 30, na zikikutana zikatane kama msalaba. Kwenye mota kubwa, ethi mbaya ya ngao hupeleka mkondo kwenye beringi, na beringi inachimbika mistari kama ubao wa kufulia. Watengenezaji wengi hupunguza uwezo wa draivu kwa asilimia 1 kila mita 100 juu ya mita 1,000. Nairobi iko karibu mita 1,800, Mbeya karibu 1,700. Pigeni hesabu kabla ya kununua.

Na ndani ya draivu kuna kapasita zenye volti kama 565. Umeme ukizimwa bado zimejaa. Subirini muda ulioandikwa kwenye kifuniko, dakika 5 kwa nyingine, 15 kwa nyingine, halafu pimeni wenyewe mpaka ishuke chini ya volti 50. Taa kuzima haimaanishi kitu.

La mwisho, siku ya kuwasha. Naomba mlifuate kwa mpangilio huu.

Zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa fundi aliye ndani ya paneli, si mfukoni mwa bosi. Kama mafundi ni watatu, kufuli tatu. Jaribu kipimo chako mahali penye umeme, pima paneli fezi kwa fezi na fezi kwa ethi, halafu rudi ukijaribu tena kipimo palepale penye umeme. Kipimo kinaweza kufa katikati ya kazi, na kipimo kilichokufa kinasema hakuna umeme.

Kisha kaza kila skrubu, hata zilizotoka kiwandani zimekazwa, maana paneli imesafiri barabara zetu. Pima mwendelezo wa ethi kutoka bodi ya mota hadi basbaa: mita ishirini za shaba ya milimita za mraba 10 ni kama omu 0.035, kwa hiyo ukiona 0.8 kuna kiungo kibovu, kitafute. Halafu mega, volti 500, fezi zote kwa ethi. Draivu na vifaa vya elektroniki viondolewe kwanza, kebo ichomolewe, la sivyo unaiua draivu mpya kabla haijazunguka hata mara moja. Kanuni inakubali kuanzia megaomu 1 kwa mzunguko. Mota yenyewe chini ya megaomu 5 msiiwashe, ikausheni kwanza. Kisha umeme urudi, upime mzunguko wa hitilafu mwishoni kwenye mota, sio kwenye paneli, na uulinganishe na breka uliyoweka. Bonyeza kitufe cha RCD. Washa saketi ya vitufe peke yake bila mota, jaribu kuzima, jaribu dharura, zima umeme mkuu na kuurudisha uone kama kontakta inabaki imelala. Ndipo mota, mguso mfupi, uone upande inaozungukia kabla mkanda haujafungwa. Ikizunguka kinyume, badilisha fezi mbili baada ya kuzima na kufunga kufuli upya.

Zile namba zote, ukinzani wa ethi na tarehe na kama ilikuwa masika au kiangazi, mzunguko wa hitilafu, mega, ampea za fezi tatu mota ikiwa na mzigo, ovalodi imewekwa ngapi, ziandike kwenye karatasi ngumu, ivike nailoni, ibandike ndani ya mlango wa paneli. Fundi atakayefungua mlango ule baada ya miaka mitatu, usiku, umeme umeleta shida na mwenye kinu amesimama nyuma yake, atazikuta hapo.

Nawashukuru. Walio na maswali wabaki, na ile temino iliyoungua irudi mezani.